Mililita Nne

Ijumaa hiyo walikula wali wa zafarani na kuku, na chakula kilipokwisha Firuz akainuka kwenda kunywa dawa yake. Miaka sita, tangu alipoacha afyuni, alikuwa akiinywa hivyo hivyo, saa nane mchana, amesimama mbele ya karo la jikoni na kuwapa watu mgongo. Aliimimina kwenye kikombe kidogo cha plastiki chenye alama za kupimia, akaigida kwa mkupuo mmoja, akakunja uso. Sharubati ya methadoni ni chungu hata kwa aliyeizoea. Alipoanza alikuwa akinywa mililita kumi na nane. Sasa alikuwa amefika nne, maana kwa mwaka mzima na ushei daktari alimpunguzia nusu mililita kila baada ya wiki mbili, naye hakuruka hata siku moja.

"Shemeji," Jamshid aliita kutoka sebuleni, akichokonoa meno, "hivi bado tu unanyonyeshwa?"

Jamshid alikuwa kaka wa mkewe Firuz. Alipenda kuja Ijumaa, na alipenda kusema akishashiba.

"Jamshid, kula tunda lako unyamaze," Tuba, mkewe Firuz, alimwambia.

"Nimesema uongo? Mwanamume mzima, mvi kichwani, na kikombe cha mtoto mchanga. Mimi sigara niliacha kwa siku moja. Nilivunja pakiti, basi. Ni moyo tu. Mwenye moyo angeimwaga hiyo chupa leo leo."

Firuz angeweza kuyameza hayo kama alivyoyameza mengi. Kilichomkata ni Bi Gohar, mama mkwe wake, aliyeketi pembeni mwa zulia na goti lake bovu limenyooshwa. Alishika tu kipochi chake alichokuwa amekitundika shingoni, akakiingiza ndani ya nguo. Huenda alikuwa akijiweka sawa tu. Lakini kwa miaka sita Firuz alikuwa amekiona kipochi kile kikiingizwa ndani kila alipopita karibu.

Akafungua chupa, akaiinamisha juu ya karo. Ilikuwa dawa ya wiki nzima, aliyopewa jana yake aende nayo nyumbani. Ikashuka yote, akafungulia maji.

"Umefanya nini?" Tuba alikuwa amesimama mlangoni na sahani mikononi.

"Nimeacha."

"Daktari alisema polepole! Alisema—"

"Daktari haishi na aibu yangu."

Jamshid alipiga makofi mawili matatu, akasema hiyo ndiyo safi, kisha akakumbuka ana mtu wa kuonana naye, akaondoka kabla ya chai. Tuba aliosha vyombo huku akilia. Shule zilikuwa zimebakiza wiki tatu kufunguliwa, na katika karakana aliyoshonea sare msimamizi alishatangaza kwamba atakayekosa siku moja asijisumbue kurudi. Mumewe angeugua, na asingekuwapo mtu wa kumpa maji.

Bi Gohar alikuwa amekuja Kerman kutibiwa goti. Kesho yake alikuwa arudi kwake Zarand.

"Basi la kesho liende bila mimi," alisema.

"Mama, utakaa hapa kutwa nzima peke yako na—"

"Na nani? Na chui? Ni mkwe wangu. Nipe hiyo sahani, unaivunja."

Firuz alisikia kutoka chumbani, na moyo ukamshuka kuliko aliposikia maneno ya Jamshid.

*

Arosto ya afyuni, yale mateso ya kuikosa, huja mbio na kuondoka mbio. Ya methadoni haina haraka. Huja kama mgeni mwenye mabegi. Jumamosi Firuz alijiona mzima, akajisifu kimoyomoyo. Jumapili asubuhi alipiga miayo mpaka taya zikamuuma, akapiga chafya kumi na moja mfululizo, na macho yakaanza kumtiririka.

Hata hivyo alikwenda kazini. Alikuwa fundi wa kusuka mota za pampu, na ulikuwa msimu wa kuvuna pistachio. Wenye mashamba walipanga foleni mlangoni. Kazi yake ilitaka mkono uliotulia: waya wa shaba mwembamba, raundi mia kadhaa, bila kupishana. Siku hiyo waya ulimkatikia mara tatu. Jasho la baridi lilidondoka ndani ya mota.

Mwenye mota, mzee mmoja wa mashamba ya kaskazini, alimtazama kwa muda.

"Fundi, ni mafua?"

"Mafua tu, baba."

"Mafua." Mzee aliinama, akakusanya vipande vya mota yake kimoja kimoja, akavitia kwenye gunia. "Sikulaumu, mwanangu. Lakini mikono yako leo si yako. Miti yangu haitasubiri."

Firuz alimsaidia kubeba gunia mpaka kwenye gari. Halafu akafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa mavuno tangu alipolifungua.

Nyumbani Bi Gohar alikuwa akichambua dengu. Alimtazama mara moja, akayaona yote: pua, macho, vinyweleo vya mikono vilivyosimama kama vya kuku aliyenyonyolewa.

"Bwana fundi umerudi mapema."

"Nimechoka kidogo."

"Lala. Nitakuletea chai ya sukari ya nabati. Na blanketi liko pale, usijifanye husikii baridi."

Nje jua lilikuwa linachoma. Firuz akajifunika mablanketi mawili na kutetemeka. Alipoletewa chai alingoja mama mkwe atoke ndipo anywe, maana glasi ilikuwa ikigonga meno yake kwa sauti.

*

Siku ya nne miguu ilikataa kukaa. Haikuwa maumivu hasa. Ilikuwa kama wadudu wamepewa ruhusa ya kutembea ndani ya mifupa. Alipiga teke godoro, akasimama, akatembea hatua sita mpaka dirishani na sita kurudi, akalala, akaanza tena. Alitapika mara mbili. Tuba alikuwa ameondoka alfajiri, baada ya kumbusu kwenye paji la uso na kumwekea ndoo. Kule karakana alishona mikono mitatu ya sare upande usio wake, akafumua, akashona upya, na kila simu ya mtu ilipolia moyo wake uliruka.

Saa tano, akiwa katikati ya chumba na choo, tumbo la Firuz likamsaliti. Alisimama pale pale kwenye ukumbi, ameshika ukuta, asiweze kwenda mbele wala nyuma. Na Bi Gohar akatokea jikoni.

"Usije!" Firuz alipiga kelele. "Mama, tafadhali, usije huku!"

Bi Gohar alikuja. Alikuwa na miaka sitini na mbili, goti moja halipindi, na alikuja taratibu huku akishika ukuta ule ule.

"Nenda bafuni. Maji ya moto yapo. Vua suruali, itupe nje ya mlango."

"Nitaifua mwenyewe."

"Utaifua na mikono ipi? Nenda."

Alikwenda. Alikaa chini ya maji ya moto na kusikia, upande wa pili wa mlango, ndoo ikijazwa, sabuni ikisuguliwa, na mwanamke aliyekuwa akificha kipochi chake akiifua suruali yake kwa mikono. Firuz alilia. Tangu siku aliyoanza methadoni hakuwa amelia. Hata baba yake alipozikwa alisimama kaburini mkavu kama mti. Sasa machozi yalitoka yenyewe na asijue ni ya aibu au ni ya arosto.

Alipotoka alikuta nguo safi zimekunjwa kwenye kiti. Bi Gohar alikuwa ameshatandika godoro upya na kuweka beseni la maji ya moto yenye chumvi.

"Miguu humu."

"Mama, sijui niseme nini."

"Usiseme. Nilizaa watoto watano. Unadhani wewe ndiye wa kwanza?" Halafu, alipoona bado ameinamisha kichwa: "Ila wao walikuwa wepesi zaidi kuwabeba."

Firuz alicheka. Kicheko kilitoka kibaya, kama kikohozi, lakini kilikuwa kicheko.

*

Siku ya tano hakuwa na kicheko. Hakuwa amelala tangu Jumapili, na maji aliyokunywa hayakukaa tumboni. Adhuhuri alimwita Bi Gohar.

"Mama, ng'ambo ya barabara kuna mlango wa kijani. Kwa Usta Heydar. Mwambie nimekutuma. Atakupa kidogo, kama punje ya dengu tu. Niweke kwenye chai. Leo tu, mama. Ni leo tu, nikishalala kesho naendelea."

Bi Gohar alikuwa akitia kiraka mto. Aliweka sindano chini.

"Punje ya dengu?"

"Naapa."

Alivaa baibui lake, akatoka. Firuz alifumba macho. Alisikia nafuu kabla ya dawa kufika, na wakati huo huo alijichukia kiasi cha kutaka kuuma mkono wake.

Bi Gohar alivuka barabara, akasimama mbele ya mlango wa kijani. Mlango kama huo aliujua. Mumewe, marehemu Mirza Karam, aliwahi kujifungia ghalani kwa nia ya kuacha afyuni. Bi Gohar wakati huo alikuwa na miaka thelathini. Siku ya tano Mirza Karam alimwita kupitia ufa wa mlango, kwa sauti hii hii, akaomba kidogo hiki hiki. Alimhurumia, akaenda, akaleta. Katika nusu saa mume alikuwa ameketi, anatabasamu, anaomba chakula, naye mke alifurahi kama aliyefanya tendo jema. Mirza Karam aliishi miaka kumi na tisa mingine na hakujaribu tena. Bi Gohar ndiye aliyekuwa akimwashia mkaa.

Aliinua mkono abishe hodi. Akaushusha. Akageuka na kutembea na goti lake mpaka barabara kubwa.

Aliporudi Firuz alijiinua kwa kiwiko.

"Umeleta?"

"Nimeleta teksi. Vaa suruali."

"Teksi ya nini?"

"Ya kwenda kwa daktari wako."

"Siendi!" Alijivuta ukutani. "Nimesema nimeacha, mbele ya watu. Nikirudi kuinywa leo, Jamshid atanicheka mpaka siku ya kiyama."

"Jamshid aliacha sigara akahamia kwenye shisha. Tangu lini Jamshid amekuwa daktari? Vaa suruali, mwanangu, teksi inahesabu."

Hakuwahi kumwita mwanangu. Firuz akavaa.

Ndani ya teksi, huku dereva akiwaangalia kwenye kioo kwa wasiwasi wa viti vyake, Bi Gohar alimsimulia habari za ghala na ufa wa mlango. Hakuwa amezisimulia kwa mtu, hata kwa watoto wake.

"Nilidhani nampenda," alisema. "Nami nilimpenda kweli. Lakini hakukuwa na daktari, na mimi sikujua kwamba kuna kitu cha kufanya katikati ya kumwacha afe na kumpelekea afyuni. Kumbe kipo. Wewe unacho, halafu unakimwaga kwenye karo."

"Kila niliposogea ulikuwa unaficha kipochi chako, mama."

Bi Gohar alikigusa kipochi. "Ndiyo. Marehemu alikuwa akikifungua. Mkono ulizoea. Nisamehe."

*

Kliniki ilikuwa imejaa, na karani wa dirishani hakuwa na wakati.

"Firuz Kuhestani. Ulipewa dawa ya siku saba Alhamisi. Leo Jumatano umerudi unataka nyingine. Ile iko wapi?"

"Nimeimwaga."

"Umeimwaga." Karani alisema kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia. "Wote huwa wanaimwaga. Uliuza kwa bei gani?"

Firuz alishika ukingo wa dirisha. Hakuwa na nguvu ya kujitetea, na alijua kwamba angekuwa karani naye angeuliza vivyo hivyo. Bi Gohar akasogea mbele, kipochi kinaning'inia kifuani.

"Aliimwaga kwenye karo la jikoni, Ijumaa, saa nane mchana. Mimi nilikuwepo. Andika."

"Wewe ni mama yake?"

"Mama wa mke wake."

Karani aliinua macho kwa mara ya kwanza. Alimtazama yule bibi, goti lake, soksi zake zilizopishana rangi kwa haraka. "Kaeni pale," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nitamwambia daktari. Ila mkojo lazima apime."

Alipima, mbele ya mhudumu, kama siku yake ya kwanza miaka sita nyuma. Daktari Vaziri, mwanamke mfupi mwenye miwani kwenye kamba, alimpima shinikizo la damu, akatazama mboni za macho na ngozi ya mikono.

"Nimeshindwa, daktari," Firuz alisema.

"Hujashindwa. Umeharakisha. Ni vitu viwili tofauti." Alivua miwani. "Nisikilize. Wapo wanaokunywa dawa hii maisha yao yote, wanalea watoto, wanajenga nyumba, na sijawahi kumwita hata mmoja wao teja. Wewe umetaka kushuka, vizuri, tutashuka. Lakini kutoka nne mpaka sufuri kwa siku moja, mwili unalipiza. Na ungekunywa afyuni ya mtaani leo, kwa kipimo chako cha zamani, ungeweza kulala usiamke. Mwili wako umeshasahau."

Firuz na Bi Gohar hawakutazamana.

"Leo nakupa mililita tatu, hapa mbele yangu. Kesho nikuone tena. Ukitulia, tutapunguza robo, kila mwezi, siyo nusu kila wiki mbili. Ukiona mwezi fulani ni mgumu, tunasimama hapo hapo. Hakuna anayetukimbiza."

"Itachukua mwaka mzima!"

"Kwani una safari?" Bi Gohar aliuliza.

Alikunywa. Waliketi kwenye benchi, na katika muda wa saa moja na nusu vinyweleo vya mikono vililala, miguu ikanyamaza, na Firuz akasinzia ameegemea bega la mama mkwe wake, mdomo wazi, mbele ya foleni nzima. Bi Gohar hakusogea, ingawa goti lilikuwa likimuua.

*

Jamshid alicheka, ndiyo. Alicheka Ijumaa mbili, na Ijumaa ya tatu Tuba akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba anayetaka kucheka akale kwake. Hakuja kwa miezi miwili. Alipokuja tena alikuwa amebeba tikiti maji na akala kimya.

Robo mililita ni tone la kuchekesha ukilitazama kwenye kikombe. Lakini kila mwezi lilipotoka, siku tatu nne Firuz alipiga miayo, akatokwa jasho, akawa mkali kwa Tuba kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi. Halafu yakapita. Alisuka mota, alivuna msimu mmoja mzima wa wateja. Mara mbili alimwomba daktari wasimame, wakasimama miezi miwili kila mara. Alipofika mililita moja, baridi ya pili ilikuwa inakaribia, na robo za mwisho zilikuwa ngumu kuliko zote.

Bi Gohar alipanda basi kutoka Zarand bila kuitwa. Alikuja na mfuko wa chumvi na mkebe wa vileja vya tende. Kila alasiri walitoka kutembea, yeye akiketi kwenye kila benchi na Firuz akizunguka benchi mpaka mama mkwe apumzike. Tuba akirudi jioni aliwakuta wamekaa sebuleni mbele ya televisheni, kila mmoja na beseni lake la maji ya moto: Bi Gohar kwa goti, mkwe kwa miguu isiyotulia, wanagombana ni nani amwongezee mwenzake maji.

Dozi ya mwisho Firuz aliinywa asubuhi ya Jumanne yenye theluji nyepesi, mbele ya Daktari Vaziri. Baada ya hapo hakulala vizuri kwa wiki tano. Miguu ilimsumbua, pua ilimtiririka, alilia kwa tangazo la mafuta ya kupikia kwa sababu mama katika tangazo alimpakulia mwanawe. Lakini hakujichafua tena ukumbini, na hakuwaza mlango wa kijani zaidi ya mara moja kwa siku, baadaye mara moja kwa wiki. Na asubuhi moja alisimama jikoni, akashika mkono wa Tuba aliyekuwa akikaanga vitunguu.

"Nini?" Tuba alishtuka.

"Harufu. Mbona hukuwahi kuniambia vinanukia hivi?"

Tuba alizima moto, akamkumbatia na mwiko mkononi.

*

Noruzi, sikukuu ya mwaka mpya, ilipofika walikwenda Zarand, kama desturi, kumsalimu mkubwa. Nyumba ya Bi Gohar ilijaa watoto, wajukuu na majirani. Kitambaa cha chakula kilitandikwa kutoka ukuta mpaka ukuta, samaki na wali wa mboga za majani ukifuka moshi. Firuz alikuwa amepungua uzito na macho yake yalikuwa makubwa.

"Shemeji," Jamshid alisema, safari hii kwa tahadhari, "siku hizi baada ya chakula hunywi kitu?"

"Nakunywa chai. Ukinimiminia."

Watu wakacheka, na Jamshid akamimina. Firuz aliipokea, akaiweka chini bila kuionja. Kisha akatambaa kwa magoti kando ya kitambaa, akiwapita wageni mmoja mmoja, mpaka mbele ya mama mkwe wake. Kelele zikapungua.

"Ninataka kusema jambo, na nataka wote mlisikie," alisema, na sauti ikaanza kumkatika. "Mke wangu alishona sare kutwa ili nyumba isife njaa, na kila jioni alirudi akaniuliza hali yangu kabla ya kuvua viatu. Tuba, Mungu akuweke. Lakini mchana nilikuwa na huyu. Mimi nilikuwa ninamkimbia mwanamke huyu ndani ya nyumba yangu. Na siku nilipojiharibia nguo kama mtoto, nikasimama sina pa kwenda, huyu, mwenye goti hili, aliichukua suruali yangu, akaifua kwa—"

"Nyamaza wewe," Bi Gohar alisema. "Watu wanakula."

Kicheko kililipuka mpaka vikombe vikatikisika. Firuz naye alicheka, machozi yakimshuka, akauchukua mkono wa mama mkwe wake, akaubusu, akauweka juu ya macho yake. Bi Gohar aligeuza uso ukutani na kuguna kama aliyeudhika. Lakini mkono wake hakuuondoa.